Kibodi ya Mikono ya Udongo

Bradford, Uingereza
Novemba

Dada yangu Nekesa,

Mulembe. Natumaini Mama Wambui amekufikishia sanduku hili likiwa zima, na hakulipitisha kwao kule Kwanza likae kwa wiki nzima chini ya magunia ya mahindi. Unaendeleaje? Usiku unapata usingizi? Mama anaendelea na udongo wake, au magoti yamemlazimisha kupumzika? Na binti yako Nafula, bado anasoma kwa sauti mpaka majirani wanajua somo lake? Huku mimi ni mzima wa mwili. Baridi imeingia, jua linatua mchana kama lenye haraka ya kwenda kwingine, na watu wanatembea wameinamisha vichwa. Kama barua hii inakuchosha mikono kuishika, iweke mezani na uibane kwa kikombe.

Kabla hujafungua magazeti niliyofungia, soma kwanza. Ndani kuna kibodi, ile niliyokuwa nikikuambia tangu wakati wa kupanda. Imekamilika. Kila herufi inaandika. Na haitakufaa. Nimeanza na mwisho kwa sababu nakujua, wewe ukipewa kitabu unakimbilia ukurasa wa nyuma kuona nani amekufa.

Nitaeleza tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, kwa sababu nimeyabeba peke yangu na hakuna mtu huku wa kumweleza. Ulinipigia simu ukiwa kwenye ukumbi wa ofisi ya wakili, pale Kitale, unanong'ona. Ukasema, "Wafula, hii mikono imelala tangu asubuhi na imekataa kuamka. Leo nimeangusha kikombe ya wakili, chai yote kwa faili." Nikacheka, nikidhani ni mzaha. Ukasema, "Usicheke bana. Ameniambia nikishindwa na kuchapa kesi za mwisho wa mwaka, atatafuta msichana mwingine. Na mimi nitaenda wapi na mtoto?"

Hapo kicheko kiliniisha. Tangu shemeji alipofariki, mikono yako ndiyo imekuwa shamba lenu. Nakumbuka nilipokuwa nikikungoja nje ya ofisi hiyo, nilikuwa nasikia mashine yako kutoka barabarani, kama mtu anayepukuchua mahindi makavu ndani ya karai. Watu walikuwa wakileta viapo na mikataba ya mashamba kutoka Saboti na Kwanza, na wakili akitaka kujisifu anawaambia wakae, chai haitapoa kabla karatasi haijatoka. Mkono wa namna hiyo ukilala, nani atauamsha?

Unajua kazi yangu. Maofisi yakichoka na kompyuta zao yanazileta kwenye yadi yetu, nasi tunazichuna: plastiki huku, shaba kule, vioo mbali. Ni kama kuchinja ng'ombe ambaye tayari amekufa. Mwezi ule uliponipigia, lilikuja lori zima la kibodi kuukuu kutoka benki fulani. Kibodi nzito, dada, ukimwangushia mtu mguuni atalia. Za siku hizi ndani zina shuka moja la mpira laini, unabonyeza mpaka chini kama unabonyeza ugali. Hizo za zamani kila kitufe kina swichi yake na springi yake, na ukikigusa kinakwambia hapohapo, kwa mlio, kwamba kimesikia. Msimamizi aliniruhusu kuchukua nilizotaka, maana kwake zote ni uzito tu.

Nikaanza kuwaza. Kibodi ya kawaida inakukalisha kama mtu aliyefungwa pingu. Mikono miwili inabanwa pamoja mbele ya kifua, viwiko vinatoka nje, vifundo vya mkono vinapinda upande. Ukikaa hivyo kwa miaka, mshipa wa fahamu unaopita pale kifundoni unakandamizwa mpaka unachoka. Basi mimi nikasema, nitaipasua. Nitatengeneza nusu ya mkono wa kushoto na nusu ya mkono wa kulia, kila moja ikae mbele ya bega lake, na upande wa kidole gumba uinuke kidogo kama paa la nyumba, ili viganja visilale kifudifudi. Wapo watu matajiri huku wanaouziwa vitu kama hivyo, lakini vimetengenezwa kwa mkono wa yeyote. Mimi nilitaka iwe ya mkono wako.

Ndiyo maana nilikuomba udongo. Nilitaka kujua kila kidole chako kinafika wapi. Kidole cha kati ni kirefu, cha mwisho ni kifupi, halafu vitufe vya kiwandani vimepangwa safu iliyonyooka kana kwamba binadamu wote wana vidole vilivyokatwa kwa rula. Nikakwambia, nenda nyumbani Kamukuywa Jumamosi, chukua madonge mawili ya udongo wa Mama, uweke mikono juu kama unavyokaa kuchapa, ubonyeze, unitumie. Huo ndio utaalamu wangu wote. Mtoto wa mfinyanzi, nikaona nimevumbua kitu.

Udongo ulifika na Mama Wambui alipokuja kumtembelea mwanawe. Alinipa mkononi pale kituo cha mabasi, umefungwa kwa leso, akaniambia, "Shika vizuri. Nimebeba hii kitu kwa mapaja kutoka Nairobi, wale wa uwanja wa ndege waliniuliza ati ni nini, nikawaambia ni mikono ya watu. Nusura wanifunge." Tulicheka sana. Nikafungua leso, nikaiona mikono yako, dada. Hata ile alama ya kidole cha shahada, pale ulipojikata na shoka, ilikuwapo. Sikujua mtu anaweza kulilia udongo kituoni mbele za watu.

Usiku huo niliiweka mezani, nikapima. Miezi iliyofuata sikufanya jambo lingine baada ya kazi. Nilikata bati la alumini kutoka kwenye kabati la faili, nikalitoboa matundu kwa mashine ya yadi, kila tundu pale kidole chako kilipolala kwenye udongo. Nikazing'oa swichi moja moja kutoka kwenye zile kibodi za benki, nikiipasha moto risasi ya kulehemu iliyozishika hadi iyeyuke. Uliniambia kwamba gumba, shahada na kidole cha kati havisikii tena, na vile viwili vya mwisho ndivyo vilivyobaki na uhai. Kwa hiyo nilifungua kila swichi ya vile vidole vitatu vilivyolala nikapunguza nguvu ya springi, mpaka kitufe kizame kwa pumzi tu. Kitufe cha nafasi, ambacho kila mtu anapiga kwa gumba, nilikihamisha pembeni chini ya kidole cha mwisho. Herufi zingine sikuzigusa, kwa sababu najua unachapa macho yakiwa dirishani na sitaki uanze shule upya.

Nyaya zilinitesa. Nusu mbili lazima zizungumze, kwa hiyo nilitumia ule utepe mpana wa kijivu unaounganisha vitu ndani ya kompyuta, kutoka kushoto hadi kulia. Ubongo wenyewe ni kipande nilichokitoa kwenye kibodi nyingine kuukuu, ikabidi nifuatilie kila njia ya shaba kujua herufi gani inakaa wapi. Mara ya kwanza nilipoichomeka nikaandika jina lako, ikatoa nambari na mabano. Mara ya pili ikaandika herufi mbili kila nilipogusa moja. Mwenzangu wa nyumba, Mnaijeria mmoja mpole, alichungulia akasema nimwombee na yeye kwa lugha hiyo. Nilifumua nikaunga tena, nikafumua tena. Nilihakikisha waya wake una ile plagi ya duara, kwa kuwa kompyuta ya wakili ni ya zamani na ingekataa hizi mpya.

Oktoba ikakubali. Niliandika Nekesa, ikatoka Nekesa, na nikakaa chini sakafuni. Nakwambia ukweli, tangu nije nchi hii sijawahi kufurahi vile.

Nilitaka mwanamke aijaribu, maana mikono yangu ni majembe. Kazini yuko mama mmoja Mpolandi, Halina, anayepanga nyaya. Mikono yake nimeitazama mara nyingi, ni kama yako kabisa, mirefu na yenye vifundo. Nikaipeleka wakati wa chai. Akaweka mikono juu yake. Vidole vyake vikapita vitufe vyote, vikaning'inia ng'ambo. Akavirudisha, akavikunja, akawa kama mtu mzima aliyekalishwa kwenye dawati la nasari. Alinitazama kwa huruma, akaniambia kwa Kiingereza chake cha kuokoteza kwamba ni nzuri sana, na akauliza huyo mtoto ana umri gani.

Nilikasirika. Nilijiambia kwamba Wazungu wana mikono mikubwa. Nikaibeba nyumbani nikiwa nimenuna, nikampigia Mama simu, si kwa sababu nilishuku kitu, bali nilitaka kusikia mtu wa kwetu.

Nikamwambia, "Mama, asante kwa ule udongo. Ulifika mzima."

Akasema, "Haikupasuka? Moto ya siku ile ilikuwa kali, kuni ilikuwa mbichi na upepo ilikuwa inazunguka."

"Moto gani?"

"Kwani wewe Wafula umepotea akiri? Mimi nitume udongo mbichi kwa ndege? Nilichanganya na vigae vya kusaga, nikakausha kwa kivuri, nikachoma pamoja na vyungu ya watu ya harusi. Kitu imetoka kwa mikono yangu haitoki hapa ikiwa mbichi. Watu watasema nini?"

Dada, mimi ndiye niliyekuwa nikimbebea udongo huo kutoka mtoni. Mimi ndiye niliyekuwa nikisimama kando yake mtu akileta kibuyu aseme anataka chungu cha ukubwa huu, na Mama anafinyanga kikubwa kuliko kile, na mteja anabisha, na Mama anamwambia atulie, udongo hurudi. Hurudi, yaani husinyaa, kwenye kivuli, halafu hurudi tena kwenye moto. Kila mtoto wa boma letu anajua hivyo kabla hajajua kuhesabu. Na mimi nikachukua rula ya chuma ya Bradford nikaupima kana kwamba ni karatasi.

Nikamuuliza, "Lakini Mama, ulipoona anabonyeza mikono, hukumwambia kwamba itapungua?"

Akasema, "Ya nini? Nilijua umemkumbuka dada yako. Nikasema, mtoto amekaa mbari sana, anataka mkono ya dada yake akae nayo karibu. Sasa ukumbusho pia inapimwa?"

Kumbe hukumwambia Mama kuhusu mikono yako. Hukutaka alale akiwaza. Sikukulaumu, na mimi pia sikumwambia. Nilimwambia imefika, ni mizuri, nimeiweka dirishani. Akafurahi. Akasema ule wa kulia ndio uliotoka vizuri zaidi.

Sasa utaniambia, si utengeneze nyingine? Nilikusudia hivyo. Lakini kabla sijashika hata bati, ukapiga simu ile nyingine. Najua ulijaribu kuyasema kama habari za sokoni. Ulisema daktari wa pale Kitale ameukandakanda mkono, akakuonyesha ile nyama ya chini ya gumba jinsi ilivyobonyea. Ukanisomea maneno yake: "Hii imekufa, mama. Ukienda Eldoret wakupasue, maumivu itaisha, lakini nguvu hairudi. Ulikawia." Ukasema wakili amemleta msichana kutoka chuo cha kompyuta, mrembo na mwenye haraka, na wewe siku hizi unachemsha chai na kubeba faili kwa mikono miwili, kifuani, kama mtu aliyebeba mtoto. Ukasema, "Si mbaya, Wafula. Bado ananiita kwa heshima." Halafu ukauliza kama huku kumenyesha.

Kwa hiyo hata ingekutosha, isingekufaa. Nimelizungusha jambo hili kila upande nikitafuta mahali pa kulishikia, na sijapata. Kosa langu na udongo halikukuponza, kwa sababu ulikuwa umeshaponzwa. Mtu angedhani hilo lingenituliza. Halinitulizi hata kidogo. Ningependa iwe mimi niliyekosea, angalau ningekuwa na kitu cha kurekebisha.

Na ya kutengeneza nyingine yamekwisha vilevile. Yadi inafungwa kabla ya Krismasi. Mashine ya kutoboa imeshauzwa, na zile kibodi nzito zilizobaki zimesagwa pamoja na mengine. Nilisimama nikiziangalia zikiingia. Nimeulizia kazi ya kusafisha maofisi, wamesema watanipigia simu. Karatasi zangu za kukaa huku nazo zina mambo yake, sitaki kukujazia kichwa. Usimwambie Mama. Mwambie ninakula.

Jambo moja nakuomba, na kwa hili usinibishie. Ukifungua sanduku utaona ilivyo ndogo, na Nafula atakuwa amesimama kando yako. Ataweka mikono juu yake, na itamtosha, nina hakika kabisa, kana kwamba nilimpima yeye. Atafurahi. Utaona kwamba haikupotea bure. Dada, usimwachie. Mwache acheze nayo jioni moja, kisha uifunge uiweke juu ya kabati. Nimeona kazi hiyo ilivyokufanya na sitaki kuwa mjomba aliyemkalisha mbele yake. Akitaka kufinyanga na bibi yake, afinyange. Udongo umemharibu Mama magoti, lakini asubuhi bado anafunga kitambaa chake mwenyewe.

Kama wewe utataka kuiona ikifanya kazi, mwombe huyo msichana wa ofisini aichomeke wakati wakili ameenda kortini. Andika jina lako kwa vile vidole viwili vya mwisho. Nilizilegeza zile springi kwa ajili yako na hakuna mwingine duniani zinayemhusu. Itakuwa ngumu kwa sababu ni ndogo, lakini jina tu utaweza.

Nisalimie Mama sana, mwambie mwanawe anamkumbuka kila anapoona chungu dukani kikiuzwa kama pambo. Msalimie mjomba anayetuchungia ng'ombe, na shangazi wa Saboti asiyekubali simu mpaka atukanwe. Wasalimie wale wamama wa kwaya mnaokaa nao benchi moja. Mama Wambui mpe chai nzito, amebeba mikono yako kuja na kurudi, sasa amekuwa ndugu. Nafula mbusu kwenye paji la uso.

Utaona vile vipande viwili vya udongo sijavirudisha. Nilivifunga kwanza pamoja na kibodi, nikafikiri sina haja navyo tena, vimenidanganya vya kutosha. Halafu nikavifungua. Jana jioni niliweka mkono wangu juu ya alama ya mkono wako wa kulia, mkono wangu ukaifunika yote, nikajua nimewahi kuishika mikono ya ukubwa huu. Ni mikono yako ya darasa la sita. Ulikuwa ukinishika nayo tukivuka mto kwenda shule, mimi wa mwisho kuacha kukojoa kitandani na wa kwanza kulia, na ulikuwa na nguvu, Nekesa, ulikuwa ukinibana mpaka vidole vinaniuma na mimi nakuambia uniachilie.

Mwambie Mama alidhani sawa. Ule udongo ulikuwa ukumbusho tu.

Ni mimi ndugu yako uliyemvusha mto,

Wafula